Ng'ombe wa Ukurasa wa Kwanza

Kuna neno moja la Kiingereza ambalo nikiliona hasira hunipanda, hata liwe limeandikwa kwenye chupa ya mchuzi wa nyanya. Neno lenyewe ni "award-winning". Wamarekani hulibandika mbele ya kitu chochote wanachotaka ukiheshimu kabla hujakionja: mkahawa ulioshinda tuzo, shule iliyoshinda tuzo, sabuni iliyoshinda tuzo. Halikuambii ni tuzo gani, wala nani aliitoa, wala ni mikono ya nani iliyofanya kazi. Ninalijua vizuri kwa sababu mimi ndiye niliyewafundisha Wachina kulitumia. Leo ninataka kueleza shukrani niliyoipata, na ile niliyoshindwa kuitoa.

Mwaka wa 2014 nilikuwa Louisville, mjane mwenye binti mmoja wa miaka kumi na minne, nikifunga maboksi kwenye ghala moja kule Jeffersontown. Natoka milima ya Kivu Kusini, lakini miaka kumi na miwili niliishi kambini Tanzania, na huko nilifundisha darasa la kwanza. Nilikuwa mwalimu. Nalirudia hilo kwa sababu Amerika hakuna aliyeniuliza. Mtu wa ofisi iliyotupokea aliitazama mikono yangu, akauliza kama ninaweza kuinua paundi hamsini, nikasema naweza, yakaisha.

Kufikia mwaka wa pili bega langu la kulia lilikuwa limekwisha. Boksi linakuja kwenye mkanda, unalifunga, unaliinua, unageuka, na ukigeuka tena jingine limeshafika. Wenzangu walikuwa wakiomba nyumba, gari, mume. Mimi niliomba kitu kimoja tu, kurudi darasani. Sikutaka hata kuwa mwalimu kamili. Msaidizi wa mwalimu angetosha, mtu wa kugawa karatasi na kufuta ubao, ilimradi nishike chaki badala ya boksi.

Jumanne na Alhamisi saa kumi na mbili jioni nilikwenda kwenye darasa la Kiingereza lililokuwa chini ya kanisa moja. Aliyeliendesha alikuwa mama wa Kizungu mstaafu, mratibu tulivyomwita, mtu mpole mwenye sauti ya chini, ambaye kila mwezi wa kumi na mbili alitufumia soksi za sufu kwa mkono wake. Ninayasema hayo mapema ili msomaji asije akanitegemea nimchoree shetani. Angekuwa shetani ningelala vizuri zaidi.

Meza zilikuwa mbili. Moja ilikuwa yetu, Wakongo na Warundi wachache, na nyingine ilikuwa ya Wachina, wengi wao wakiwa mababu na mabibi waliokuja kulea wajukuu, na wapishi wa mikahawa. Wachina walikuwa na vitabu vyenye maelezo ya Kichina. Sisi hatukuwa na hata karatasi moja ya Kiswahili. Kulikuwa na mfadhili aliyetoa fedha kwa ajili ya wanaosema Kichina tu, na nilipouliza kuhusu sisi, mratibu alinishika mkono na kusema kwamba za Kiswahili zitafuata. Mpaka naandika hapa bado ziko njiani.

Kwa kuwa Kiingereza changu kilikuwa kimetangulia kidogo, mratibu alinihamishia meza ya Wachina niwe nawasaidia. Ndipo nilipokutana na yule mama. Alikuwa amepita miaka sitini, mfupi, mikono yake imejaa makovu madogo ya mafuta ya moto. Alikuja Amerika kulea mjukuu, kisha ndugu wa mkwewe akamwingiza kwenye jiko la mkahawa wake. Kwao alikuwa amefundisha shule ya msingi miaka thelathini. Sikuambiwa na mtu. Siku ya kwanza aliposimama ubaoni nilimwona anavyoivunja chaki mpya katikati kabla ya kuandika, ili isilie, nikajua huyu ni mwenzangu. Naye alipoona ninafuta ubao kutoka juu kwenda chini, vumbi lisiruke, alicheka na kuninyooshea kidole, kisha akajinyooshea na yeye.

Mratibu alikuwa amempa jina la Kizungu la kuvaa kifuani, kama alivyowapa Wachina wote siku ya kwanza. Nilimwuliza jina lake hasa. Akalitamka. Nikajaribu mara tatu, akacheka mpaka akafuta machozi, na mimi nikamwambia nitajifunza wiki ijayo. Wiki ijayo ikapita na nyingine zikapita. Nikaamua kumwita Yaya. Kwetu Kivu yaya si mtu wa kulea watoto wa wengine, ni dada mkubwa. Yeye aliniita Sister. Tulijiona tumemaliza.

Neno lile yeye ndiye aliyelileta. Jioni moja alitoa kwenye mfuko wa koti kikaratasi cha mkahawa wao ambacho juu yake alikuwa amelinakili kwa herufi kubwa, moja moja, kama mtu anayenakili namba ya gari lililomgonga. Liliandikwa kwenye kioo cha mbele, alisema, na kila asubuhi alipita chini yake akiingia jikoni bila kujua linasema nini. Mratibu akaeleza kwa subira. Ni maneno mawili yaliyoshikana, unayaweka mbele ya kitu kilichopata tuzo kwa ubora wake. Mkahawa ulioshinda tuzo. Filamu iliyoshinda tuzo. Wachina wote wakaandika. Yaya hakuandika.

"Mkahawa umeshinda," aliniambia pembeni, kwa Kiingereza chetu cha kuokoteza ambacho hapa nakitafsiri. "Nani ameshinda? Mlango? Viti?"

"Chakula," nikasema.

"Chakula napika mimi."

Alinitazama. Nilitafuta mfano wa kumweleza nikakosa wa Kimarekani, nikamletea wa nyumbani. Kwetu milimani heshima kubwa ambayo mtu anaweza kumpa mwenzake ni ng'ombe, na ina taratibu zake. Anayetoa hasemi kitu. Anamleta mnyama, anakaa, anapewa maziwa, anatazama chini. Anayepokea ndiye anayesimama mbele za watu na kulitaja jina la mtoaji kwa sauti, na tangu siku hiyo mpaka kufa kwake, akitaka kuapa kwamba anasema kweli, ataapa kwa jina la yule aliyempa ng'ombe. Mtoaji akijitaja mwenyewe ni aibu. Watu watasema amemfungua ng'ombe na kumrudisha zizini kwake. Baba yangu alimpa jirani mtamba mmoja mwekundu, na utoto wangu wote nilimsikia yule jirani akiapa kwa jina la baba, sokoni, kanisani, hata akigombana na mke wake. Baba hakutamka lolote. Hakuwa na haja.

Nilimwambia Yaya hayo yote kwa maneno machache na michoro mingi. Nikamchora ng'ombe, pembe ndefu, nundu, na jirani amesimama mdomo wazi. Chini nikaandika kwa Kiingereza: jirani yetu alikuwa na ng'ombe aliyeshinda tuzo, na kila siku alimtaja mtu aliyempa. Yaya akaivuta karatasi, akatoa kalamu yake yenye ncha nyembamba, na chini ya sentensi yangu akaandika maelezo ya Kichina, mistari minne. Maandishi yake yalikuwa mazuri mno. Wachina wengine walikuja kuyaangalia tu. Mzee mmoja alisoma, akaitikia kwa kichwa, akasema sasa ameelewa, na akataka kujua yule ng'ombe alikuwa anatoa maziwa kiasi gani.

Hivyo ndivyo kitabu kilivyoanza. Jumamosi tulikutana kwenye nyumba ya kufulia nguo, kwa sababu sote wawili hatukuwa na mashine, na nguo zilipokuwa zikizunguka sisi tulikuwa tukiandika. Mimi nilichagua neno, nikatunga sentensi, nikachora. Yeye aliandika Kichina. Tulibishana kama waalimu wanavyobishana, tukakasirikiana kuhusu mfano gani utangulie, na mara mbili alichana kazi yangu mbele ya watu kwa sababu sentensi ilikuwa ndefu kupita kiasi. Alikuwa na haki mara zote mbili. Sijawahi kufurahi hivyo Amerika, kabla ya hapo wala baada ya hapo.

Kila alipomaliza ukurasa, pembeni chini aliweka vialama vitatu vidogo vya Kichina, vilevile kila mara. Sikuuliza ni nini. Nilidhani ni namna yao ya kuweka namba, au ni sala.

Kurasa zilipofika arobaini mratibu aliziona, akakaa chini kabisa. Akasema kuna chama kimoja cha watu wanaofundisha wageni ambacho kila mwaka hutoa tuzo kwa vifaa vya darasani, na sherehe ingekuwa Columbus. Kitabu hiki cha kuwasaidia wasemaji wa Kichina lazima kipelekwe. Na tuzo ikipatikana, akasema, mfadhili ameahidi kulipia msaidizi mmoja wa darasa, kazi ya kudumu. Moyo ulinipasuka kwa furaha, lakini nilitazama chini.

Nikapewa kazi ya kuandaa nakala safi. Nilikwenda na Yaya maktaba, kwenye mashine ya kunakili. Vile vialama vya pembeni vilinikera. Kwenye nakala vilitoka kama uchafu, kama nzi waliopondwa, na mimi ni mwalimu ninayependa karatasi safi. Nikakata vipande vidogo vya karatasi nyeupe, nikavibandika juu yake kwa gundi, ukurasa kwa ukurasa. Yaya alikuwa amesimama kando yangu. Alitazama vipande viwili vitatu vya kwanza vikibandikwa. Hakusema kitu, akaanza kunikatia vingine.

Nilipompelekea mratibu, aliuliza swali moja tu, na aliliuliza kwa uzuri, akinitazama machoni.

"Nani ametengeneza hiki?"

"Ni kazi yetu sote," nikasema.

Ningejibu nini kingine? Ng'ombe ameshafika zizini, mtoaji anakaa na kutazama miguu yake. Mratibu alikuwa ameniona nikiandika. Alikuwa ameona wino kwenye vidole vyangu. Nilimwachia nafasi yake ya kusimama.

Ilikuja pia fomu ya kuomba ile kazi ya usaidizi. Mahali pa kuandika mambo niliyofanya palikuwa pakubwa, kama nusu ya ukurasa. Binti yangu alikuwa amekaa karibu nami mezani, kisha akainyakua fomu na kusoma nilichoandika. Nilikuwa nimeandika maneno mawili ya Kiingereza yenye maana kwamba mwalimu, yaani mratibu, anajua.

"Bon, andika tu kitabu," nilimsikia akisema, kwa kunitania, akiigiza lafudhi ya nyumbani. Kisha akageukia Kiingereza chake, akaniambia hakuna atakayejua nisiposema.

"We mutoto, hauelewe," nikamjibu. "Mutu hajisifie. Banamusifia."

Akarudisha fomu mezani na kuweka vifaa vyake vya muziki masikioni.

Sherehe ilikuwa mwanzoni mwa mwaka uliofuata. Kitabu kilikuwa kimeshinda, hilo tuliambiwa mapema, na mratibu alinialika kwa barua yenye maua pembeni. Niliruhusiwa kuja na mtu mmoja. Nataka kusema kwamba nilimfikiria Yaya. Ukweli ni kwamba nilimfikiria, kisha nikampa nafasi mdogo wangu anayekaa Columbus, kwa sababu nilitaka mtu wa damu yangu asikie jina langu likitajwa, na habari zifike mpaka kwa mama kambini. Yaya nilimwambia nafasi ni moja. Akasema sawa, ana zamu jikoni, ila nimpigie picha.

Nikapanda basi mpaka Columbus. Mdogo wangu anakaa upande wa Westerville, mwendo mfupi kutoka ukumbini, na alikuwa ameomba ruhusa kazini kwake, kwenye nyumba ya wazee. Alinifunga mshanana, lile vazi letu la kufunga begani, rangi ya zambarau, na akanipaka mafuta usoni kama bibi harusi.

"Donc, batakuita jina," akaniambia akifunga pini. "Unasimama. Usikimbie, yaya, unatembea polepole, bakuone. Ukifika kule mbele unasema merci, unasema na ile ya Mungu, unakaa. Usilie."

"Siwezi lia."

"Utalia. Nakujua."

Ukumbi ulikuwa na meza za mviringo na vitambaa vyeupe. Wanawake wawili walikuja kugusa mshanana wangu na kusema unapendeza. Mratibu alituona, akatupungia mkono, akatuletea yeye mwenyewe sahani za keki. Kwenye kila meza palikuwa na nakala ya kitabu, kimechapwa vizuri, jalada la buluu. Jina la mratibu lilikuwa chini ya kichwa cha kitabu. Nikajiambia ndivyo wanavyofanya, ya jalada ni mambo ya ofisi, ya mdomo ndiyo yenye uzito. Ndani mlikuwa na michoro yangu yote. Kwenye ukurasa wa kwanza alikuwemo ng'ombe.

Mratibu alipoitwa, alipanda jukwaani akiwa amevaa viatu vyake vya kila siku. Alimshukuru mumewe. Alimshukuru mchungaji kwa kutupa chumba. Alimshukuru mfadhili, na mtu aliyechapa, na mtu aliyechagua ile rangi ya buluu. Mdogo wangu alikuwa ameshanishika kiwiko aninyanyue. Kisha mratibu akasema kwamba zaidi ya yote anawashukuru wanafunzi wake, kwa sababu kitabu hiki, kama mmoja wao alivyosema vizuri sana, ni kazi yetu sote. Watu wakapiga makofi. Akashuka.

Nilikuwa nimeinuka nusu. Ni vigumu kueleza jinsi mtu aliyevaa mshanana anavyokaa tena bila kuonekana.

"Iko inaendelea?" mdogo wangu akanong'ona. "Atarudi?"

"Imeisha," nikasema.

Tulikula keki. Mdogo wangu, ambaye ana hasira kuliko mimi, alitaka kwenda kumwuliza mbele za watu, na nikamkataza, kwa sababu ningekuwa nimejitaja kwa mdomo wa ndugu. Mratibu alikuja kutuaga. Alinikumbatia. Aliniambia anafurahi sana kwamba nimeweza kufika, na macho yake yalikuwa na machozi ya kweli. Nilimchukia kwa machozi yale. Nilitaka awe anajua alichofanya na ameamua kufanya. Lakini hakujua, alikuwa amenisikia nikisema neno langu na akalirudia kama lilivyo, akidhani ananiheshimu. Kilemba cha ukoka nilivishwa na mtu aliyedhani ni cha hariri.

Kazi ya msaidizi alipewa msichana wa chuo. Alikuwa amejaza ile nusu ukurasa yote na kuambatisha karatasi nyingine mbili. Siku yake ya kwanza alinipa nakala ya kitabu na kunionyesha jinsi ya kukitumia.

Sikurudi tena darasani. Nilinuna, hilo ndilo neno lake, nilinuna kama mtoto, wiki sita. Jumamosi nilifulia nguo mahali pengine. Nilijiambia kwamba Yaya naye hakunitetea, kwamba angeweza kusema, kwamba sote wawili tulifanyiwa lakini mimi ndiye niliyefanyiwa zaidi. Picha aliyoomba sikumpelekea. Nilipopata nguvu ya kwenda kwenye ule mkahawa, maandishi yalikuwa bado kwenye kioo, na kijana wa mlangoni aliniambia yule mama ameondoka na mkwewe. Mji gani hakujua. Aliniuliza jina lake ili aulize jikoni. Nikataja lile la Kizungu. Akasema hapa hakuna mtu wa jina hilo.

Mwaka wa 2016 bega lilikataa kabisa, na kaka yangu aliyeko Buffalo akasema nije, kuna kazi ya kutunza wagonjwa majumbani, haina maboksi. Nilifika kwenye theluji. Kabla ya mafunzo ilibidi nipimwe Kiingereza. Nilikaa mbele ya kijana mwenye karatasi, naye akaniomba nieleze kwa maneno yangu mambo ambayo ninajivunia. Sikuweza, na wala sikutaka. Aliandika kitu, akanipeleka kwenye darasa la wanaoanza.

Tulikuwa kumi na wawili. Kushoto kwangu alikaa msichana wa Kichina, mke wa mtu, mwenye mimba, aliyekuwa Amerika mwezi wa pili tu. Mwalimu, kijana mchangamfu aliyevaa kofia ya sufu ndani ya nyumba, alipita akigawa vitabu. Alisema tuna bahati, vimetoka mbali, vilitengenezwa kwa wasemaji wa Kichina lakini michoro yake inamfaa kila mtu. Akanyanyua kimoja juu. Jalada la buluu. Sasa kilikuwa na duara la dhahabu pembeni, na ndani ya duara lile neno langu.

"Award-winning," akasoma, na akatuomba tulirudie wote pamoja.

Wote wakalirudia isipokuwa mimi. Safari hii sikujizuia. Niliinua mkono nikasema kitabu hiki ni changu. Akasema ndiyo, ndiyo, ni chako, unaweza kwenda nacho nyumbani. Nikasema hapana, mimi ndiye niliyekiandika. Mimi. Nilijigonga kifuani kama mlevi. Nilisema mimi mara nyingi kuliko nilivyowahi kusema maisha yangu yote. Nimechora mimi, nimetunga mimi, ng'ombe ni wa baba yangu mimi. Mwalimu alilitazama jina la kwenye jalada, akanitazama, akatabasamu kwa upole uleule ninaoujua, na kusema hiyo ni sentensi nzuri sana.

Yule msichana wa Kichina peke yake ndiye aliyekuwa akinisikiliza. Alikuwa amefungua ukurasa wa kwanza. Alipitisha kidole chini ya mistari minne ya Kichina, polepole, kama anavyogusa mtu kitambaa cha bei ghali.

"Na haya," akaniuliza kwa Kiingereza chake cha miezi miwili, "pia wewe?"

Kisha kidole chake kikashuka mpaka pembeni, chini kabisa. Kwenye ukurasa ule, wa kwanza, ambao nilikuwa nimeubandika kabla mkono haujazoea, kipande changu cheupe kilikuwa kimeteleza. Vile vialama vitatu vilikuwa vimetoka vyote, vidogo, vyeusi, wazi. Nikafungua wa pili, wa tatu, wa kumi. Kwingine kote palikuwa peupe.

Nilimwuliza ni namba? Akatikisa kichwa. Nikauliza ni sala?

"Jina," akasema. "Mtu. Aliyeandika."

Nilikumbuka mkono wa Yaya maktaba ukikata vile vipande vya karatasi nyeupe na kunipa kimoja kimoja, na kimya chake. Sikujua kwao kimya kile kinamaanisha nini. Kwetu nilikijua vizuri. Alikuwa ametoa, na alikuwa anatazama miguu yake. Mimi nilikuwa nimevaa mshanana wa zambarau, nikasafiri mpaka Columbus na kukaa mbele ya keki nikisubiri mtu mmoja alitaje jina langu, na wakati huohuo la kwake nilikuwa nimeshalifunika kwa gundi mara thelathini na tisa.

Nikamwomba msichana alisome. Akalisoma. Nikamwomba tena, na tena, na kila mara alinisubiri bila kucheka. Kisha nikasimama, kwa sababu kwetu hulitaji jina la aliyekupa ukiwa umekaa. Mwalimu akageuka kunisikiliza. Nilifungua mdomo nikalitamka mbele ya watu wote, na likatoka vibaya. Nililisikia mwenyewe likitoka vibaya, na vijana wawili wa nyuma wakacheka. Sikuliweza mwaka ule kwenye meza ya Wachina na sikuliweza siku ile. Mwalimu akasema vizuri sana, asante, akatuomba tufungue ukurasa wa pili.